Kaseti Kiunoni

Wiki jana binti wa dada yangu alinipigia simu kuniuliza swali ambalo, kusema kweli, lilinipendeza. Mwanawe anaanguka, na daktari amempa nafasi ya kuchagua: mtoto alazwe wodini, kichwa kimejaa nyaya na kamera ikimtazama, au arudi nyumbani kwao mtaa wa Skuta na kimashine cha kufunga kifuani, acheze na kula kama kawaida huku mambo ya kichwani mwake yakiandikwa.

"Tata, wewe ndio unajua hii maneno," aliniambia, maana kwetu hata dada wa mama huitwa tata. "Gani iko mzuri?"

Katika ukoo wetu kila mtu ana jambo lake la kuulizwa. Yuko wa ng'ombe, yuko wa mipaka ya mashamba, yuko wa mahari. Mimi ni wa kifafa. Nimevaa mashine zote mbili, ya hospitali na ya nyumbani, miaka ya themanini ilipokuwa inaanza, wakati ambapo watu wengi wa Nyeri walikuwa hawajasikia kwamba kichwa cha mtu kina umeme. Nilimjibu kwa kifupi, kwa sababu nyuma yake mtoto alikuwa akilia. Jibu refu ndilo hili.

Nilianza kuanguka baada ya kujifungua. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye foleni ya kiwanda cha kahawa, Mukurweini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, lakini wakati wa likizo mwalimu na asiye mwalimu wote walibeba kahawa yao mgongoni. Nilipozinduka nilijikuta nimelala peke yangu katikati ya uwanja, na watu wamesimama mbali wakiniombea. Kwetu iliaminika kwamba anayeanguka hagusiki: mate yake yakikupata, umeupata na wewe. Nilipoweza kusimama niligundua kwamba nafasi yangu kwenye foleni ilikuwa imechukuliwa, na waliokuwa wameichukua ni wale wale waliokuwa wakiomba. Maombi sikuyalaumu. Foleni ndiyo iliyoniuma.

Tangu siku hiyo mama mkwe wangu alimchukua mtoto. Huyo alikuwa binti yangu wa kwanza, na kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo mtoto alikuwa wangu, lakini pia alikuwa yeye. Alizoea kusema "leo nimelala vizuri," na ilikubidi uulize ni nani aliyelala. Alipoona nimekaribia meko na mtoto mkononi, hakusema nitamwangusha mtoto. Alisema, "Utaniangusha kwa moto," na alinitazama kama mtu anayejitetea mbele ya muuaji wake. Niliruhusiwa kunyonyesha nikiwa nimekaa chini, yeye akiwa kando yangu amenyoosha mikono tayari. Mtoto akishiba tu, anachukuliwa. Hata ng'ombe wetu alipewa muda mrefu zaidi na ndama wake.

Mume wangu alifanya kazi Mwea, kwenye kiwanda cha kukoboa mpunga, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Dada yake pia alikuwa ameolewa huko. Polepole, kwa sauti za upole ambazo watu hutumia wanapokunyang'anya kitu, likazuka wazo kwamba mtoto akiachishwa ziwa apelekwe Mwea akalelewe na shangazi yake. Nilipouliza tangu lini mifereji ya maji ya mashamba ya mpunga imekuwa salama kuliko meko, nikaambiwa nina hasira, na kwamba hasira ni dalili mojawapo.

Mume wangu, ambaye hakupenda ugomvi kwa sababu alikuwa na siku mbili tu za kukaa nyumbani, alisema tungojee mashine ya hospitali, ile ya kupima kichwa. Mashine ikiona ugonjwa, ugonjwa una dawa, na mtoto atabaki. Isipoona kitu, basi ama najifanya ama ni yale mambo ambayo akina mama wa kanisa walikuwa wanayaombea, na mtoto ataenda Mwea. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtu wa ajabu kule kwetu. Wengine walikwenda hospitali wakiomba wakutwe wazima. Mimi niliomba nikutwe mgonjwa.

Hospitali ilikuwa mjini Nyeri, na jina lake silitaji, maana waliobaki huko wananijua. Mashine yao ilikuwa kubwa kama kabati la vyombo. Ilikuwa na kalamu nyembamba zilizopangwa safu moja, zikichora mistari kwenye karatasi iliyokuwa ikitoka bila kukoma na kujikunja sakafuni. Aliyeisimamia alikuwa mama mmoja wa Kiislamu, mzaliwa wa mjini hapo. Alinifumua nywele zangu za uzi, akanipaka gundi yenye harufu ya rangi ya kucha, akanibandika nyaya moja moja huku akinisimulia harusi ya mpwa wake. Alipomaliza nilikuwa nimefungwa kwenye lile kabati kama mbuzi kwenye kigingi, na urefu wa kamba ulinitosha kukaa kitandani tu. Mtoto alibaki na bibi yake, akinywa maziwa ya ng'ombe.

Sasa hapo ndipo shida ilipoanza, na shida yenyewe ni kwamba nilistarehe. Tangu niolewe sikuwahi kulala bila kuitwa kukamua. Pale sikuweza kukamua hata kama ningetaka. Chai ililetwa. Uji uliletwa. Nililala mchana, nikaamka, nikalala tena, na zile kalamu zikawa zinachora mistari mitulivu kama maji ya birika. Mama mzee wa kitanda cha pili, aliyevunjika nyonga, alinitazama siku nzima kisha akaniambia bila chuki, "Wewe ulikuja kupumzika."

Daktari wa vichwa, ambaye alikuja kutoka Nairobi na hakujua Kikikuyu, alipekua ile karatasi mpaka mwisho akakunja uso. Hakukuwa na kitu. Nilitaka kulia. Nilikuwa nimeanguka kwenye foleni, shambani, kanisani na mbele ya darasa zima la watoto, yaani nilikuwa nimeanguka mahali pote isipokuwa mahali pekee palipokuwa na daktari.

"Hapa umepumzika sana," alisema. "Ningependa kukuona ukiwa kwako."

Akafungua sanduku akatoa kitu nilichodhani ni redio. Kilikuwa kimashine cha kuvaa kiunoni kwa mkanda, kimetoka ng'ambo kwa majaribio, na ndani yake mlikuwa na kaseti iliyozunguka polepole mno, itoshe siku kadhaa. Nyaya zingepita ndani ya nguo mpaka kichwani, nizifunike kwa kitambaa. Ubavuni kulikuwa na kitufe. Akamwita mama mkwe wangu, aliyekuja kunichukua, akamwonyesha: nikianguka, abonyeze hapo mara moja, ili yeye daktari ajue mahali pa kutazama. Mama mkwe alisikiliza kwa makini ya mtu anayesomewa wosia. Daktari akaeleza tena kwamba kaseti ingeandika mambo ya ubongo tu, kisha akatuaga.

Lakini sisi tulikuwa tunajua kaseti ni nini. Kila mtu kule kwetu alijua. Kaseti hushika sauti. Mahubiri yalishikwa kwa kaseti, harusi zilishikwa kwa kaseti, na kuna mzee mmoja aliyeshikwa kwa kaseti akiahidi shamba, na hakuweza kukana tena. Daktari aliposema haishiki sauti, watu walimwelewa vizuri kabisa: daktari hawezi kumwambia mtu kwamba anamsikiliza.

Nyumbani kwetu kukawa mahali nisipopajua. Uwanja ulifagiwa mpaka ukang'aa. Mama mkwe wangu, ambaye sauti yake ya kawaida ilifika ng'ambo ya mto, alianza kuzungumza kama anasoma Zaburi. Aliniita "mama mtoto, mpendwa," jambo ambalo lilinitisha kuliko ugonjwa. Nilikalishwa kwenye kiti uwanjani, blanketi magotini, nikalishwa njahi, yale maharagwe meusi, na ndizi kama nimejifungua jana. Nikitaka kuosha sufuria, sufuria inapotea. Hospitali ilikuwa imenifanya mgeni. Nyumbani walinifanya bibi harusi.

Kisha wakaja watu. Akina mama wa kanisa walifika wakaimba, na wenye sauti nyembamba walipangwa karibu na kiuno changu. Jirani yetu, aliyekuwa amegombana nasi juu ya mpaka kwa muda ambao hata yeye alikuwa amesahau, alikuja akavua kofia, akainama kidogo.

"Daktari," alikiambia kiuno changu, "hapa ni amani tupu. Huyu mama anatunzwa. Na kama kuna mkubwa yeyote hapo na wewe, mwambie ile mizani ya kahawa ichunguzwe."

Alingoja kidogo, kwa adabu, kisha akavaa kofia akaenda zake.

Nilicheka, lakini ndani nilikuwa naogopa. Kaseti ile ingerudi Nyeri ikiwa imejaa mwanamke aliyelala vizuri, aliyekula vizuri, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumpigia kelele. Daktari alitaka kuniona nikiwa kwangu, na kwangu palikuwa pamefichwa. Nilijua kinachoniangusha: kukosa usingizi, njaa, moshi, jua la shambani na maneno makali. Vyote hivyo vilikuwa vimesimamishwa kwa heshima ya mgeni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nikampa. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimekataa usingizi kwa makusudi. Asubuhi nilikataa chai, nikachukua kikapu, nikateremka kwenye kahawa na mashine yangu kiunoni. Mama mkwe akanifuata mbio, mtoto mgongoni, akininong'oneza.

"Mama mtoto, rudi kwa kiti."

"Kiti haiwezi kunisaidia, Maitu." Hivyo ndivyo nilivyomwita, mama, kama alivyoitwa na wote waliokuwa wake.

"Watu wa hospitali watasema tunakufanyisha kazi kama punda."

"Na si ndio mnafanya?"

Alikifunika kimashine kwa ncha ya leso yake kwanza. "Tunafanya," alisema. "Lakini hiyo si ya kutangaza."

Tukaendelea hivyo kati ya mistari ya kahawa, mimi nikichuma, yeye akinifuata, tukigombana kwa minong'ono. Sijawahi kugombana kwa shida namna ile. Mtu akinong'ona hata tusi huonekana ni siri ya mapenzi.

"Wewe unataka uanguke," alisema.

"Nataka mashine inione."

"Na mimi nataka isikuone. Ikikuona, imeandika. Huyu mtoto ataitwa wa yule wa kuanguka mpaka siku ya kuolewa. Nani atakuja kumwuliza?"

"Isiponiona anaenda Mwea. Si nyinyi mlisema?"

Hapo alisahau kunong'ona. "Nani alikuambia mimi nataka aende Mwea?" Sauti yake halisi ilirudi yote kwa mara moja, na ndege wakaruka kwenye mti wa mgrevilea. "Mimi nilisema? Huyu ni mimi. Mtu anaweza kujituma Mwea? Ni bwana yako alisema, na dada yake, na mimi nikanyamaza kwa sababu naogopa moto. Naogopa, unasikia? Kila siku nikiwasha, naogopa."

Kisha akakumbuka. Akatazama kiuno changu, akaziba mdomo kwa mkono, na macho yake yakawa ya mtu aliyemwona chifu mlangoni. Mimi nami nilisimama na kikapu changu. Nilikuwa nimeishi na mwanamke yule nikidhani anafurahia kuninyima mtoto, na sikujua nimweke wapi sasa. Tulipanda nyumbani.

Mchana tulikuwa jikoni, sisi watatu. Githeri ya mahindi na maharagwe ilikuwa inachemka kwenye mafiga, moshi haujui pa kutokea. Alinipa mtoto ninyonyeshe, nami nikakaa chini kama kawaida, yeye kando yangu. Nilikuwa na njaa na usingizi, na mtoto alikuwa na joto zuri. Kitu cha mwisho ninachokumbuka ni harufu ya mpira unaoungua, na jikoni mwetu hamkuwa na mpira.

Kinachofuata sikijui. Mwenye kifafa hupewa habari zake na wengine, kama mtu aliyesafiri. Nilipozinduka nilikuwa nimelala karibu na mlango, mbali na meko, ulimi umeng'atwa, majivu shavuni. Githeri ilikuwa imemwagika. Mtoto alikuwa analia kwa nguvu, kilio kizuri cha mtoto mzima. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti, jasho linamtiririka, kilemba kimeanguka.

"Ulibonyeza?" nilimwuliza, ulimi mzito.

"Kunywa maji."

"Maitu, ulibonyeza?"

"Nimesema kunywa maji."

Nikaelewa kwamba hakubonyeza. Nilimchukia. Sisemi nilikasirika, nasema nilimchukia, kwa moyo wote, kwa namna ambayo sikuwahi kumchukia mtu. Nilikuwa nimejinyima usingizi na chakula, nimeuleta ugonjwa mpaka mlangoni pa mashine, na yeye akaufungia nje ili nyumba yake isiandikwe. Mficha maradhi kifo humfichua, nilijiambia, maana walimu hata wakiumia huumia kwa methali. Tulirudisha kimashine Nyeri. Alijaribu mara moja kunifunga shali, nikajifunga mwenyewe.

Wiki iliyofuata daktari alituita. Mama mkwe alivaa nguo za kanisani, mtoto mgongoni, na kabla hata hajakaa alisema alichokuja nacho.

"Daktari, kwanza unisamehe. Ile maneno ya Mwea nilisema kwa kahawa, tafadhali uifute. Nilikuwa na hasira."

Daktari alinitazama mimi. Nikamweleza. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama, hii mashine haisikii watu," alisema. "Hata Kikikuyu haijui. Inasikia umeme wa kichwa, basi."

"Hata nyimbo?"

"Hata nyimbo."

"Na jirani, ile maneno ya mizani?"

"Mama, hakuna."

Mama mkwe alikaa polepole. "Na vile tulikaa vizuri," alisema, na niliona kwamba anahesabu kila neno zuri alilonipa bure.

Daktari akafunua karatasi. Alituonyesha mahali mistari ilipokuwa mitulivu, kisha mahali ilipopanda na kushuka kama mtu anayekwangua ukuta kwa kucha. Ni kifafa, alisema, na kina dawa. Nilishika meza. Sidhani kama kuna mtu amewahi kupewa ugonjwa huo akafurahi kama mimi. Ningempigia makofi kama si heshima ya mahali.

Kisha akamgeukia mama mkwe, nusu kwa utani. "Lakini wewe ulinichosha. Mashine iliandika yenyewe, sawa, lakini nilitafuta sana. Nilikuonyesha kitufe. Kwa nini hukubonyeza? Uliona haya?"

Nami niligeuka kumtazama. Nakiri nilikuwa na ile raha ya mwalimu anayengoja mwanafunzi aliyeharibu aeleze mwenyewe.

Hakuona haya. Alimtazama daktari kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto.

"Mkono moja nilikuwa nimeshika mtoto, asiingie kwa moto," alisema. "Ile ingine nilikuwa nimeshika huyu, asiingie kwa moto. Sasa ya kubonyeza, daktari, ningetoa wapi?"

Mimi nilikuwa naona jikoni mwetu, kutoka kwenye mafiga mpaka mlangoni, na mwili wangu mzito ukiburutwa kwa mkono mmoja wa mwanamke mzee, na mate yangu, yale ambayo kiwanda kizima cha kahawa kiliyakimbia, kwenye nguo yake. Hospitali ilikuwa na kalamu nyingi zaidi, na kitanda, na mtu wa zamu. Hayo nayakubali, na ndiyo niliyomwambia binti wa dada yangu: karatasi ya hospitali ni safi zaidi. Lakini kule hapakuwa na moto, wala mtoto, wala cha kushika.

Daktari alikohoa, akatoa masharti. Nimeze dawa kila siku, nisiruke. Mpaka nikae muda mrefu bila kuanguka, nisiachwe peke yangu na mtoto penye moto wala penye maji.

"Mwea kuko na maji," alisema mama mkwe, kama ndiyo kwanza anaambiwa. "Mingi sana. Basi haendi."

Tulipotoka, alisimama barazani akafungua leso, akamshusha mtoto mgongoni. Alimtazama kwanza, kisha akaninyooshea.

"Shika."

Niliogopa. Nilimwambia dawa yenyewe sijaimeza hata moja.

"Shika mtoto," alisema. "Na mimi nishike wewe."

Tukapita hivyo katikati ya mji wa Nyeri, mchana kweupe, mimi na mtoto wangu mikononi, na yeye amenikamata mkono wa sweta kwa nguvu zote. Watu walitupisha njia. Muuza ndizi mmoja alimwuliza nimeiba nini. Mama mkwe wangu hakumjibu, wala hakuniachilia.